Presha kwa umri na jinsia: takwimu zinasema nini kuhusu wanaume vijana, wanawake na wazee?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya shinikizo la damu katika hospitali ya wilaya, utasikia kauli mbili zikirudiwa kana kwamba zilikwisha kuthibitishwa zamani: kwamba presha ni ugonjwa wa wazee, na kwamba presha ni ugonjwa wa wanawake. Mimi nafanya kazi ya kuchakata takwimu za afya, si tabibu, hivyo masuala ya dawa nawaachia wenye taaluma hiyo waliomo humu. Kwa upande wa hesabu nina la kusema, na nalisema kwa uzito: kauli ya kwanza ni nusu ya ukweli, na ya pili, kwa watu walio chini ya miaka 50, inapingana na hali ilivyo. Wanaoumizwa na kauli hizo ni wanaume wa miaka 25 hadi 50, ambao hawapimwi, hawajijui, na baadhi yao hugundulika siku wanapobebwa kuletwa mapokezi wakiwa wamepooza upande mmoja.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana bila kukubaliana juu ya mpaka hatuwezi kuhesabu. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu pale namba ya juu, yaani msukumo wa damu wakati moyo unapojikamua, inapofika 140 au kuzidi, au namba ya chini, wakati moyo unapopumzika, inapofika 90 au kuzidi, katika vipimo vilivyorudiwa siku tofauti. Huo ndio mpaka wa Shirika la Afya Duniani na ndio unaotumika katika tafiti nyingi za kwetu. Mwaka 2017 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani viliushusha hadi 130 kwa 80, na kwa uamuzi huo tu kiwango cha Wamarekani watu wazima wanaohesabiwa kuwa na tatizo kikapanda kutoka takriban asilimia 32 hadi 46. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia ya wagonjwa wa presha, muulize kwanza ametumia mpaka upi na amepima watu wa umri gani.

Kwa dunia nzima, mwaka 2019 walikadiriwa watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wenye shinikizo la juu la damu, idadi ambayo ni karibu maradufu ya ile ya mwaka 1990. Kwa jinsia ilikuwa takriban asilimia 34 ya wanaume na 32 ya wanawake. Nyumbani Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 ulipata karibu asilimia 26. Kenya, utafiti kama huo wa mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69 ulipata karibu asilimia 24, wanaume wakiwa mbele kidogo, takriban 25 kwa wanawake 23. Msomaji wa haraka atasema basi jinsia hizi mbili zinakaribiana na mjadala umekwisha. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wastani wa jumla unazika mistari miwili yenye umbo tofauti kabisa.

Nichukue takwimu za Marekani za mwaka 2017 na 2018, kwa kuwa wao wamezipanga vizuri kwa rika na jinsia; mkumbuke tu kwamba wametumia ule mpaka wa 130 kwa 80, hivyo viwango vyao visilinganishwe na vya kwetu. Katika umri wa miaka 18 hadi 39, wanaume wenye presha walikuwa asilimia 31 na wanawake 13. Katika umri wa miaka 40 hadi 59, wanaume asilimia 59 na wanawake 50. Kuanzia miaka 60 na kuendelea, wanaume asilimia 75 na wanawake 74. Tazameni mwendo wake: ujanani wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, utu uzima pengo linapungua, na uzeeni wamekuwa sawa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba baada ya miaka 65 hivi wanawake huwapita wanaume.

Sababu zake zinajulikana kwa sehemu kubwa. Kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni huisaidia mishipa ya mwanamke kutanuka na kulainika. Ikipungua, msaada huo hupungua pia, na mara nyingi uzito huongezeka katika miaka hiyo hiyo. Kwa jinsia zote, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Mshipa laini hupokea msukumo wa moyo kwa kutanuka, halafu huirudisha damu polepole. Uliokakamaa haupokei, hivyo namba ya juu hupaa huku ya chini, kuanzia miaka ya 50 au 60, ikianza kushuka. Ndiyo maana mzee anaweza kupimwa akakutwa na 172 kwa 78, ilhali kijana mwenye presha hukutwa na kitu kama 146 kwa 98. Mtu akiangalia namba ya chini peke yake, mzee yule atarudishwa nyumbani.

Sasa nije kwenye mfano wa kwetu ambao, kwa maoni yangu, ungepaswa kufundishwa katika kila chuo cha afya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walipimwa watu wa Ilala, Dar es Salaam, na watu wa Shari, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo ghafi yalionyesha kwamba kijijini kuna presha zaidi kidogo kuliko mjini: Ilala wanaume asilimia 30 na wanawake kama 29, Shari wanaume 32 na wanawake karibu 32. Lakini Ilala ilikuwa imejaa vijana waliokuja kutafuta maisha, na Shari ilikuwa na wazee wengi ambao watoto wao ndio hao waliokwenda mjini. Watafiti walipozirekebisha hesabu, kana kwamba sehemu zote mbili zina mpangilio uleule wa umri, picha ikageuka: Ilala ikawa asilimia 37 kwa wanaume na 39 kwa wanawake, Shari ikabaki na 26 na 27. Yaani, kijana wa Ilala alikuwa katika hatari kubwa kuliko kijana mwenzake wa Shari, ila wingi wa vijana wa Ilala ulikuwa unaificha hatari hiyo. Katika utafiti huohuo, chini ya mtu mmoja kati ya kila watano wenye presha ndiye aliyekuwa anajua kuwa anayo, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika asilimia moja.

Naomba tujadili. Waliopo kwenye vituo vya afya, nani hasa anakaa kwenye kiti cha kupimwa?

Muuguzi wa Wilaya

Ahsante kwa uzi huu, mkuu. Swali lako la mwisho nalijibu kwa ninayoyaona. Mwanamke wa kwetu hukutana na mashine ya presha tangu ujauzito wa kwanza. Kila hudhurio la kliniki ya wajawazito lina nafasi ya kuandika shinikizo la damu kwenye kadi yake, na muuguzi asipoiandika ataulizwa. Akishajifungua, anarudi kwa ajili ya uzazi wa mpango. Hapo anapimwa tena, kwa sababu vidonge vyenye mchanganyiko wa homoni vinaweza kupandisha presha kwa baadhi ya wanawake. Mwanamke mwenye watoto wanne anapofika miaka 40 huwa amefungwa ule mkanda mkononi mara nyingi sana bila yeye mwenyewe kuona kuwa ni jambo la ajabu.

Mwanaume hana mlango kama huo. Hupimwa akiugua sana, akiomba kazi yenye uchunguzi wa afya, au akija kuchangia damu. Tunapokwenda kupima sokoni au stendi, utaona wanawake wanapanga foleni na wanaume wanasimama nyuma wakitazama. Ukimwita mmoja, anakuambia, "Nesi, mimi niko fiti, mpime huyu mama." Huyo aliye fiti ukimkalisha, ukamwacha dakika tano atulie, mara nyingi tu unakuta 150 na kitu. Tena hana dalili yoyote, na hilo ndilo gumu kulieleza. Watu wanadhani presha lazima ije na kichwa kuuma au moyo kwenda mbio, wakati wengi hawasikii chochote mpaka figo, moyo au ubongo uwe umeshaguswa.

Kwa hiyo kliniki yetu imejaa wanawake na wazee kwa sababu hao ndio waliopimwa. Mtu akiigeuza foleni ya kliniki kuwa takwimu ya jamii nzima, anakosea kabisa.

Dereva wa Masafa

Ndugu zangu, nina miaka 34 na uzi huu umenigusa. Mwaka jana nilihitaji cheti cha afya kwa ajili ya ajira. Nilipopimwa ikasoma 168 kwa 104. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda zahanati moja nikilalamika kizunguzungu, na aliyenipokea aliniangalia usoni akasema, "Wewe bado kijana, huo ni uchovu wa safari, kunywa maji upumzike." Hakunipima. Mashine ilikuwa mezani, naiona. Nilirudi barabarani na mzigo wa tani 30 nikiwa na presha ile.

Baba yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 52, na wala sikuulizwa habari za wazazi wangu. Sasa natumia dawa na naendelea vizuri, lakini nauliza: je, sisi tunaogundulika mapema tuna presha ya aina nyingine, au ni ileile ya wazee iliyowahi kuja?

Muuguzi wa Wilaya

Pole sana, kaka yangu. Umri wako haukupaswa kuwa sababu ya kutokupima. Ulipaswa kuwa sababu ya kupima kwa makini zaidi. Kwa watu wengi wa umri wako ni ileile isiyokuwa na chanzo kimoja, inayotokana na mchanganyiko wa urithi, uzito, chumvi, pombe, kukosa usingizi na kukaa muda mrefu. Lakini mtu anapogundulika chini ya miaka 40, hasa ikiwa juu kama yako, daktari hutafuta pia kama kuna chanzo kinachoweza kutibiwa: ugonjwa wa figo, mshipa wa figo uliobana, au tezi zinazotoa homoni kupita kiasi. Kwa watoto wadogo wenye presha, figo ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Kama hujafanyiwa kipimo cha mkojo na cha utendaji wa figo, muombe daktari wako. Na la baba yako kupata kiharusi akiwa na miaka 52 lazima liandikwe kwenye faili lako.

Mjukuu wa Mkulima

Nasoma kwa makini, lakini nina mashaka mawili ambayo naomba yajibiwe kwa hoja. Kwanza, tafiti hizi humpima mtu siku moja tu, na mtu akimwona mgeni ana mashine lazima presha ipande. Je, asilimia hizo hazijatiwa chumvi? Pili, babu zetu waliishi hadi uzee bila kusikia habari za presha. Kama umri ndio unaopandisha, wao waliponaje?

Mwanzisha uzi

Mashaka yako yote mawili yana msingi, ndugu.

La kwanza: ni kweli kwamba utafiti wa siku moja huongeza kiasi fulani cha watu ambao wangerudiwa kupimwa wiki ijayo wangekutwa salama. Watafiti wanalijua hilo. Katika utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uliotumika Tanzania na Kenya, mtu hupimwa mara tatu akiwa ametulia, kipimo cha kwanza huachwa, na wastani wa viwili vya mwisho ndio unaohesabiwa, kwa sababu cha kwanza ndicho chenye hofu nyingi. Hata hivyo, kosa linalobaki huwagusa wote. Haliwezi kueleza kwa nini wanaume vijana wako juu ya wanawake vijana, wala kwa nini pengo hilo hufungwa baada ya miaka 50. Makosa ninayoyahofia zaidi ni ya vituoni: mkanda mdogo uliofungwa kwenye mkono mnene, ambao hupandisha namba bila sababu, mgonjwa aliyetoka kupanda ngazi akapimwa palepale, mtu anayeongea na simu wakati mashine inasoma, mkono unaoning'inia badala ya kulala mezani usawa wa moyo.

La pili ndilo linalonivutia zaidi, na jibu lake limo humuhumu Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari aliyeitwa C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya wanaume 1,000 wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Hadi kufika miaka 40 presha yao ilifanana na ya Wazungu wa rika lao. Baada ya hapo, ya Wazungu iliendelea kupanda, na ya wale wanaume ikaelekea kushuka. Kwa hiyo babu zako huenda kweli hawakuwa nayo. Na mwaka 1988, utafiti mkubwa wa chumvi ulioshirikisha vituo 52 katika nchi 32 ulikuta vituo vinne tu ambako watu walikula chumvi kidogo mno, walikuwa na presha ya chini, na presha hiyo ilipanda kidogo sana au haikupanda kabisa na umri: viwili vya wenyeji wa misitu ya Brazil, kimoja cha Papua New Guinea, na kimoja cha vijijini Kenya.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulikuja na Waluo waliohamia Nairobi. Watafiti waliwafuata watu waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda jijini, wakawalinganisha na wenzao wa rika na jinsia ileile waliobaki kijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba presha ya waliohama ilianza kupanda ndani ya muda mfupi, katika miezi ya mwanzo kabisa. Mkojo wao ulionyesha kwamba sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, imeongezeka, na potasiamu, inayotokana na matunda, mboga na mizizi, imepungua. Hawakuwa wamezeeka katika miezi hiyo. Walikuwa wamebadilisha sahani na mazingira.

Ndiyo sababu nimesema kauli ya "ugonjwa wa wazee" ni nusu ya ukweli. Umri unahesabu miaka ambayo mishipa imekaa ndani ya maisha fulani. Mtu aliyeanza kula vyakula vya chumvi nyingi akiwa na miaka 15, akakaa kwenye kiti cha ofisi au cha bodaboda kutwa nzima, atafika miaka 40 akiwa na mishipa ambayo babu yake hakuwa nayo akiwa na 70. Hata suala la rangi na urithi, ambalo hutajwa haraka mno, lina mipaka. Mwaka 1997 walilinganishwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi wanaoishi sehemu tofauti, na presha ilikuwa karibu asilimia 16 kwa waliobaki Nigeria na Kamerun, 26 kwa walioko visiwa vya Karibi, na 33 kwa walioko Marekani. Asili yao ni moja.

Mama Pacha

Naomba kuuliza kwa upande wetu akina mama. Nina miaka 31. Katika ujauzito wangu wa pacha presha ilipanda mwezi wa saba, miguu ikavimba, mkojo ukakutwa na protini, nikajifungua kwa upasuaji kabla ya siku zangu. Baada ya wiki kadhaa presha ilirudi kawaida na nikaambiwa nimepona. Mwanzisha uzi anasema wanawake chini ya miaka 50 wako salama kuliko wanaume. Je, hilo linanihusu na mimi?

Muuguzi wa Wilaya

Hapana, dada yangu, halikuhusu, na ninashukuru umeuliza. Ule wastani wa wanawake vijana unajumuisha wengi ambao mimba zao hazikuwa na tatizo. Presha inayoanza baada ya wiki 20 za ujauzito ikiambatana na protini kwenye mkojo ni hali inayoweza kufikia kifafa cha mimba, na walikuwa sahihi kukutoa watoto mapema. Mimba ya pacha yenyewe huongeza uwezekano wake. Wengi presha yao hushuka baada ya kujifungua, kama yako. Lakini mwanamke aliyepitia hali hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi, kuliko mwenzake wa umri uleule, wa kupata shinikizo la juu la kudumu, ugonjwa wa moyo na kiharusi miaka ya mbele, na anaweza kuupata mapema kuliko wengine. Pima angalau mara moja kila mwaka, maisha yako yote, hata ukijisikia mzima. Ukipata ujauzito mwingine, wahi kliniki miezi ya mwanzo kabisa na uwaeleze yaliyotokea, kwa sababu ziko dawa zinazoweza kuanzishwa mapema kupunguza hatari ya kujirudia.

Neno "umepona" tunalitoa haraka sana wodini. Mama anaruhusiwa na kadi ya watoto mkononi, na ile historia ya presha yake inabaki kwenye faili la leba ambalo hakuna atakayelifungua tena.

Mjukuu wa Mkulima

Nimeelewa, nashukuru. Nina swali moja la nyongeza kuhusu bibi yangu mwenye miaka 81. Presha yake ni 175 kwa 80, na mtu mmoja mwenye heshima kijijini ametuambia kwamba kwa mzee kanuni ni 100 jumlisha umri, hivyo 175 iko ndani ya kawaida yake, na kwamba dawa zitamdhoofisha. Tumwache?

Mwanzisha uzi

Kanuni hiyo ya kujumlisha umri ilizaliwa katika kuchanganya kilicho kingi na kilicho salama. Wilayani Hai walipimwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, na karibu asilimia 70 walikuwa na shinikizo la juu. Jambo likiwapata watu saba kati ya kumi, jamii huliona kuwa ni la kawaida, lakini mishipa ya ubongo haihesabu majirani.

Kuhusu tiba kwa umri huo, hatuna haja ya kukisia. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 3,845 wenye miaka 80 na zaidi, wote wakiwa na namba ya juu ya 160 au zaidi. Nusu walipewa dawa halisi, nusu vidonge visivyo na dawa, na lengo likiwa kuishusha hadi 150 kwa 80. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa kwa uchache zaidi: vifo vya sababu zote vilipungua kwa takriban asilimia 21, na visa vya moyo kushindwa kufanya kazi vilipungua kwa asilimia 64. Muuguzi atanisahihisha kwenye upande wa matumizi.

Muuguzi wa Wilaya

Huna cha kusahihishwa, naongeza tu. Bibi apelekwe kwa daktari, apimwe amekaa na pia amesimama, maana wazee wengine presha hushuka ghafla wanaposimama, na akianguka akavunjika nyonga tutakuwa tumehamisha tatizo. Dawa zianze kwa kiwango kidogo na kupandishwa taratibu. Na asije akaziacha siku atakapoambiwa kuwa presha iko vizuri. Iko vizuri kwa sababu ya dawa.

Dereva wa Masafa

Kwa hiyo mwanaume asiye na tatizo lolote aanze kupima akiwa na umri gani?

Muuguzi wa Wilaya

Kuanzia miaka 18. Akiwa chini ya 40, presha yake iko salama, hana uzito uliozidi wala historia ya familia, hata kila baada ya miaka mitatu inatosha. Akifika 40, kila mwaka. Mwenye mzazi aliyepata kiharusi, mwenye kitambi, mvutaji wa sigara au mwenye kisukari, kila mwaka bila kujali umri.

Mwanzisha uzi

Nimalizie na ombi kwa walioko vituoni, kwa kuwa hapa pana kasoro inayoweza kurekebishwa bila fedha. Katika fomu ya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya Tanzania, ile ya taarifa ya mwezi ya wagonjwa wa nje, mafungu ya umri yanawagawa watoto vizuri sana, halafu linakuja fungu moja la miaka 5 hadi chini ya 60, kisha miaka 60 na kuendelea. Tafadhali litazameni fungu hilo. Mtoto wa darasa la kwanza, Dereva mwenye miaka 34, Mama Pacha mwenye miaka 31 na mama wa miaka 58 aliyekwisha koma hedhi wote wanaingia katika kisanduku kimoja. Taarifa ikifika mkoani, kitu pekee kinachoweza kuonekana ni kwamba wazee wana presha, na ile kauli ya kwenye benchi inapata muhuri wa serikali.

Umri halisi upo, umeandikwa kwenye rejista, mstari kwa mstari. Kinachotakiwa ni mtu akae nayo jioni moja, achore karatasi yenye mafungu ya miaka kumikumi na safu mbili za jinsia, na ahesabu mambo mawili: wangapi walipimwa, na wangapi kati yao walizidi 140 kwa 90. Ile hesabu ya kwanza ndiyo inayosahaulika siku zote, na bila hiyo, ile ya pili haina maana. Kenya, kwa takwimu za mwaka 2015, kati ya kila watu 100 wenye shinikizo la juu ni kama 16 tu waliokuwa wanajua, kama 4 walikuwa kwenye dawa, na 2 walikuwa wameidhibiti. Hao 84 wasiojijua wana umri na jinsia.

Muuguzi wa Wilaya

Rejista ya robo mwaka iliyopita ninayo, na upimaji wa stendi tuliuandika kwenye daftari la pembeni lenye umri na jinsia. Nitazitenganisha hizo mbili, kwa sababu waliokuja kituoni wakiumwa na waliopimwa wakipita njia si watu wa kuchanganywa. Nikimaliza kuhesabu nitaweka jedwali hapa bila jina la mtu yeyote.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana. Ukiweza, kwa wanawake wa miaka 40 hadi 59 ligawe fungu mara mbili, kabla na baada ya miaka 50, kwa sababu hapo ndipo mstari wao unapoanza kupanda kwa kasi. Na kwa wanaume, usianzie 40. Anzia 18.